Mtoto wa unyayo kwenye mapafu: saratani ya ngozi inavyojigeuza ikisambaa

Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe nyumbani, upande wa Bahi, Dodoma, kikao cha familia, na makaratasi ya hospitali ya mama mkubwa nimepewa mimi niyasome kwa sababu ndo mwalimu wa sayansi kwenye ukoo. Nilipomaliza kusoma mjomba wangu akauliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka lilivyo: "Sasa mjomba, dada ana saratani ngapi? Maana wameandika mguu, wameandika kinena, wameandika mapafu. Ni tatu hizo?" Nikamjibu ni moja. Akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Kama ni moja, mbona dawa imeupunguza mtoki na kule kwenye mapafu imezidi?" Hapo nikakosa la kusema. Nilijua ni moja, lakini kwanini moja iwe na tabia mbili ndani ya mwili wa mtu yule yule sikuweza kueleza, na wazee walikuwa wananiangalia.

Tangu siku ile nimesoma sana kuhusu hili jambo, na hiki ninachoandika ndo jibu ambalo ningempa mjomba kama ningekuwa nalo.

Aliyeumwa ni mama mkubwa wangu. Baka lenyewe nililiona kwa macho yangu likizo ya Desemba, lilikuwa unyayo wa kulia karibu na kisigino, ukubwa kama sarafu ya mia mbili ila sio duara, pembeni lina mikono mikono kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa, upande mmoja jeusi tii kama mkaa na upande wa pili kahawia inayofifia mpaka huoni inaishia wapi, na katikati pameumuka kidogo panatoa maji. Akivua katambuga unaona unyevu umebaki kwenye mpira. Maumivu hamna. "Mwiba wa mgunga huo mwanangu, ulivunjikia ndani," ndo alivyoniambia, na nani angebisha, kwetu kule kila mtu ana mwiba uliovunjikia ndani. Jirani alishalikata mara mbili kwa wembe aliopitisha kwenye moto, likarudi mara mbili. Zahanati moja wakampa dawa ya fangasi, wakampa tena vidonge vya kuua bakteria, mwaka ukaisha hivo hivo hamna mtu aliyesema tukate kinyama tupime. Alafu ukatoka mtoki kwenye kinena, mgumu, hauumi. Alafu kikohozi. Kwenda kupimwa Dar, jibu likaja melanoma, ambayo ni saratani ya zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Haya, sasa nianze na kitu ninachokijua vizuri, madaftari ya wanafunzi.

Kuna siku nilikusanya madaftari ya darasa zima kusahihisha notisi za moyo. Ubaoni niliandika moyo una vyumba vinne. Kwenye madaftari 11 nikakuta "vyumba vitano". Katika hayo 11, manne yalikuwa pia yameandika "mshipi wa damu" badala ya mshipa wa damu. Na katika hayo manne, mmoja alikuwa ameruka mstari mzima. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Aliyeandika vitano alikosea wa kwanza, wenzake wakakopi, mmoja kati ya waliokopi akaongeza mshipi, wengine wakakopi kwake, na yule wa mwisho akaruka mstari peke yake. Makosa yale yalinichorea ukoo mzima wa kukopiana bila mtu kufungua mdomo, kosa walilonalo wote ndo la zamani na kosa alilonalo mmoja ndo la juzi.

Saratani inasomwa hivo hivo. Ndani ya kila seli kuna DNA, yani maandishi ya herufi kama bilioni 3 kwa seti moja, na herufi zenyewe ni nne tu, A, T, C na G. Seli ikigawanyika inabidi ikopi yote. Inakopi vizuri kupita mwanafunzi yeyote na inajisahihisha yenyewe, ila makosa machache yanapita, na yakipita yanarithiwa na seli zote zitakazotoka hapo. Mengi hayana madhara. Machache yanaipa seli nguvu ya kugawanyika kuliko jirani zake, hiyo inazaa wengi, na ndani ya hao wengi mmoja anapata kosa jingine lenye faida kwake, naye anazaa kuliko ndugu zake. Mwanasayansi wa Marekani, Peter Nowell, aliliweka wazi wazo hili mwaka 1976, kwamba uvimbe wa saratani ni ukoo unaobadilika kizazi kwa kizazi na wenye nguvu wanachaguliwa. Wakati ule hakukuwa na mashine za kusoma herufi zenyewe, leo zipo, na zinachofanya ni kile nilichofanya mimi na madaftari: wanachukua kinyama cha unyayo, cha mtoki, cha mapafu, wanasoma makosa yaliyomo, alafu wanachora nani kazaliwa na nani.

Kwahiyo jibu la swali la kwanza la mjomba ni kwamba mama mkubwa alikuwa na saratani moja yenye shina moja, lakini matawi yake hayakuwa sawa. Ile ya kwenye mapafu haikuwa saratani ya mapafu, alikuwa mtoto wa unyayo aliyehamia mapafuni na bado anabeba makosa ya unyayoni, pamoja na mengine aliyoyapata mwenyewe baadae.

Makosa ya shina yanatoka wapi? Hapa inategemea ngozi ya wapi, na hapa ndo watu wengi wanachanganya mambo.

Kwenye ngozi inayopigwa jua, jua lina mwandiko wake. Mionzi yake ikiingia kwenye DNA inagandisha herufi mbili zilizokaa jirani, zinashikana, seli ikija kukopi pale inakisia, na mara nyingi inaandika T palipokuwa na C. Ukikuta maelfu ya C zilizogeuka T unajua huyu alipigwa na jua. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Sanger kule Uingereza walisoma DNA nzima ya melanoma ya mtu mmoja wakakuta herufi zaidi ya 33,000 zimebadilika, na nyingi ni za mwandiko huo. Mtu mmoja tu. Na sio mpaka uwe mgonjwa, mwaka 2015 walichukua ngozi ya kope za watu wanne wenye umri wa miaka 55 mpaka 73, ngozi nzima isiyo na ugonjwa wowote, wakakuta kati ya asilimia 18 na 32 ya seli tayari zina makosa ya aina inayozipa nguvu dhidi ya jirani zao. Yani ngozi ya mtu mzima ni kama shamba ambalo magugu yameshaota chini chini ila hayajatoka juu.

Sisi weusi tuna rangi inayokinga. Ndugu zetu wenye ualbino hawana, na Dodoma hii iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, kiangazi chote kuanzia Mei mpaka Novemba mawingu hamna, mtoto mwenye ualbino akitumwa kuchunga au kulinda mtama shambani hana kofia, jua linaandika kila siku. Saratani inayowapata wao zaidi sio melanoma, ni ile ya seli za juu za ngozi, inaanza kama magamba au kidonda kwenye sikio, shingo, mdomo wa chini. Njia yake ya makosa ni tofauti, jeni (yani kipande cha DNA chenye kazi yake) inayoitwa TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika au kuiua kabisa, mara nyingi inaharibika mapema sana, hata kwenye yale magamba kabla hayajawa saratani. Aina hii mara nyingi inakaa pale pale muda mrefu kabla haijafika kwenye tezi za shingo, na ndo maana inauma sana kuona mtu anafika hospitali sikio limekwisha, maana muda ulikuwepo. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiwa na jirani mwenye ualbino muulize kama anayapata.

Sasa unyayo. Unyayo hauoni jua. Melanoma ya unyayo, kiganja na chini ya kucha ndo melanoma inayowapata zaidi watu weusi, Bob Marley aliigundua chini ya kucha ya kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 ana miaka 36, ilikuwa imeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Ukisoma DNA ya melanoma ya aina hii hukuti zile C nyingi zilizogeuka T, herufi zilizobadilika ni chache. Unachokuta ni kurasa zilizochanwa na kubandikwa sehemu nyingine, na kurasa flani zimetolewa kopi kumi, ishirini, zikashonwa ndani ya daftari lile lile. Jeni kama CCND1, inayoisukuma seli igawanyike, zinakuwa na kopi nyingi kupita kiasi, na wagonjwa wengine wana kosa kwenye jeni ya KIT. Na kuna jambo moja ambalo lilinifanya niufikirie sana ule wembe wa jirani: kwenye saratani hizi za unyayo na kiganja, watafiti wamekuta seli zenye hizo kopi za ziada kwenye ngozi inayozunguka baka, ngozi ambayo hata kwa hadubini inaonekana ya kawaida kabisa. Wewe umekata jeusi lote unaona umemaliza, kumbe ndugu zake wamekaa kwenye ngozi safi pembeni. Ndo maana madaktari wa upasuaji wakikata melanoma wanaondoa na ngozi nzuri inayoizunguka, sentimita 1 kama ni nyembamba na 2 ikiwa nene, watu wanalalamika "wamekata kidonda kikubwa kuliko ugonjwa". Wako sahihi kukata hivo.

Turudi kwenye mpangilio wa makosa, maana yana foleni yake, na foleni hii imefahamika vizuri zaidi kwa melanoma za ngozi ya juani. Kosa maarufu kuliko yote liko kwenye jeni inayoitwa BRAF, liligunduliwa mwaka 2002 na linakutwa kwenye karibu nusu ya melanoma za ngozi. Ni herufi moja tu, T imegeuka A, na kuanzia hapo protini inayotakiwa kuwaka na kuzima inabaki imewaka, kama bodaboda ambayo waya wa mafuta umekwama, umeachia mkono na yenyewe inazidi kwenda. Ungetegemea mtu mwenye kosa hilo tayari ana saratani. Wala. Vile vidoa vyeusi vya kawaida ambavyo watu wanavyo mwilini, vingi vina kosa hilo hilo la BRAF, na vinakaa miaka 50 havifanyi kitu. Seli iliwaka, ikagawanyika mara kadhaa, breki zikashika, ikasimama. Kosa moja halitoshi, na mimi nikilieleza hili darasani wanafunzi wananiangalia kama nadanganya.

Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lililowahusisha Hunter Shain na Boris Bastian, lilichukua vipande 37 vya saratani ambavyo pembeni yake bado kulikuwa na lile doa la mwanzo, yani mzazi na mtoto kwenye kipande kimoja cha ngozi, wakavisoma vyote viwili. Doa lisilo na madhara lilikuwa na BRAF tu. Doa lenye mashaka, la katikati, lilishaongeza makosa mengine na mara nyingi moja lilikuwa kwenye TERT. Hii TERT nieleze. Ncha za DNA zinapungua kila seli inapogawanyika, kama mkeka ambao pindo lake linafumuka kidogo kidogo, likifumuka sana seli inaacha kugawanyika, ndo uzee wake. Kosa la TERT linaamsha fundi wa kushona pindo upya kila mara, seli haizeeki. Melanoma iliyoanza kupenya kwenda chini ilikuwa mara nyingi imepoteza CDKN2A, ambayo ni breki kuu, na imepoteza kopi zote mbili, ile ya baba na ile ya mama. Zile nene zilizozama chini zaidi ndo zikaanza kuonyesha kuharibika kwa PTEN, breki nyingine, na ile TP53.

Kwahiyo ukiona kwenye majibu wameandika unene wa melanoma kwa milimita usiruke ile namba. Inapima ugonjwa umeshuka chini kiasi gani na pia inadokeza umepita hatua ngapi za kujigeuza. Chini ya milimita 1 mara nyingi ukikata vizuri imeisha.

Kusambaa kwenyewe sasa. Wengi tulikuwa tunaelezwa kama safari ya basi, unatoka Dodoma unapita Morogoro ndo ufike Dar, hakuna njia ya kuruka kituo, yani saratani inatoka kwenye ngozi, inapanda kwenye tezi za karibu (ule mtoki ni tezi ya namna hiyo iliyovimba), inapumzika pale, alafu kutoka kwenye tezi ndo inaenda ini, mapafu, ubongo. Inaingia akilini kwa sababu kwa macho ndo tunavyoona, kidonda, mtoki, kikohozi, kwa mpangilio huo. Ila madaftari yanasema kitu kingine. Mwaka 2015 huo huo walisoma saratani za wagonjwa 8 wa melanoma, ile ya kwanza kwenye ngozi na zile zilizosambaa, wakachora ukoo. Kwa wagonjwa 6 walikuta makundi tofauti ya seli yalitoka pale pale kwenye ngozi kila moja na safari yake, wengine kwenda kwenye tezi, wengine moja kwa moja kwenda mbali, bila kupitia kituo. Ya mapafu haikuwa mtoto wa mtoki, ilikuwa mdogo wake. Na kwa 5 kati ya hao 6, hao wasafiri wote walikuwa na babu mmoja ndani ya lile baka la kwanza, tawi moja ambalo limepata uwezo wa kusafiri na limeupata kwa kuchelewa, baada ya baka kuwepo muda. Wakakuta pia kwamba uvimbe mmoja huko mbali unaweza kuwa umeanzishwa na koo mbili zilizofika sehemu moja.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Maana kipindi kile kile tulipokuwa tunasubiri dawa ya fangasi ifanye kazi, inawezekana ndo kipindi hilo tawi lilikuwa linapatikana.

Na matibabu yakaja kukubaliana na picha hiyo. Zamani ikikutwa saratani kidogo kwenye tezi ya kwanza walikuwa wanakimbilia kuondoa tezi zote za eneo lile wakiamini wanafunga geti. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 1,900, walioondolewa tezi zote mara moja na waliofuatiliwa tu kwa vipimo, kufa kwa melanoma kukawa sawa kwa makundi yote mawili, na walioondolewa tezi zote wengi zaidi wakabaki na miguu au mikono inayovimba. Kama tezi ingekuwa geti pekee, kulifunga kungeokoa watu.

Kuna swali kila mtu anauliza, sasa jeni ya kusambaa ni ipi tuipige hiyo? Kwa melanoma hakuna jeni moja inayojulikana kwamba ikiharibika basi ndo saratani inasambaa. Makosa makubwa ya kusukuma ugonjwa mengi yako kwenye shina tayari. Kinachoongezeka huko kwenye matawi zaidi ni vurugu ya kromosomu, yale mafungu ambamo DNA imefungwa, vipande vinapotea, vingine vinazidi, na mara nyingine seli inakopi DNA yake yote alafu inashindwa kugawanyika, inabaki na seti mbili za kila kitu. Seli yenye seti mbili inaweza kuharibu ukurasa mmoja na bado ina wa akiba, kwahiyo ina uhuru wa kujaribu mambo. Na kuna mabadiliko ambayo hata sio ya herufi, seli inafunga sura flani ya kitabu na kufungua nyingine, leo inatengeneza rangi na kugawanyika, kesho imeacha rangi inatembea. Hii ndo sababu uvimbe mwingine wa melanoma ukitolewa kwenye tezi unakuta hata sio mweusi.

Sasa swali la pili la mjomba, kwanini dawa imeupunguza mtoki na kuacha mapafu.

Dawa ikiingia mwilini inakuta ukoo, haikuti seli moja iliyojirudia. Mwaka 2011 Marekani waliidhinisha vemurafenib, kidonge kinachoibana BRAF yenye lile kosa, na picha zake zilishangaza dunia, mtu amejaa uvimbe mwili mzima, wiki chache umenywea. Alafu kwa wengi baada ya miezi kama 6 au 7 unarudi. Ukisoma DNA ya uvimbe uliorudi unakuta BRAF bado ina kosa lile lile la shina, ila tawi lililobaki limepata njia ya pembeni, mmoja amewasha jeni ya NRAS, mwingine ameongeza kopi za BRAF mpaka dawa haitoshi, mwingine amebadilisha MEK, jeni inayopokea amri kutoka kwa BRAF. Na ndani ya mgonjwa mmoja, uvimbe wa ini unaweza kutumia njia moja na wa mapafu njia nyingine. Hapo ndo madaktari wakaanza kuchanganya dawa mbili pamoja, ya BRAF na ya MEK, ili kuziba njia mbili kwa wakati mmoja, na muda wa kukaa salama ukaongezeka.

Njia nyingine ni kuamsha kinga ya mwili, kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Hapa yale makosa mengi ya jua yanageuka faida kwa mgonjwa, kwa sababu kila kosa linaweza kuzaa protini ngeni ambayo kinga inaitambua. Kabla ya 2011 mtu mwenye melanoma iliyosambaa kwa kawaida alikuwa hamalizi mwaka, na kwenye utafiti wa dawa mbili za kinga pamoja, ipilimumab na nivolumab, asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Ni jambo kubwa sana hilo. Lakini hata hapo ukoo unajigeuza, kuna wagonjwa ambao saratani ilirudi na kusomwa ikakutwa imeharibu jeni ya B2M, ambayo ni kama kutoa namba ya mlango ili askari wa kinga wapite bila kujua ni nyumba ipi. Na melanoma ya unyayo, kwa kuwa haina yale makosa mengi ya jua, kinga ina vitu vichache vya kuitambulia, na dawa hizi kwa kawaida zinafanya kazi kidogo zaidi kwake. Sisi ambao hii ndo melanoma yetu tunapata faida ndogo kwenye dawa kubwa, mbali na kwamba bei yenyewe kwa mtu wa Bahi haisemeki.

Mama mkubwa alipewa kemo ya kawaida, ambayo haichagui kosa lolote, inapiga kila seli inayogawanyika haraka. Tawi la kinena likanywea. Tawi la mapafuni likaendelea. Walikuwa ndugu wa baba mmoja ila kila mmoja na makosa yake, na inaelekea makosa ya yule wa mapafuni ndo yaliyomvusha. Alifariki Agosti, kiangazi, tumemzika nyumbani.

Kitu kimoja cha vitendo niliseme kwa anayesoma akiwa na mgonjwa. Kinyama kikikatwa kinawekwa kwenye kichupa chenye formalini, kinapelekwa maabara, kinagandishwa ndani ya kipande cha nta, kidogo kama kipande cha sabuni ya gesti, kinakatwa vipande vyembamba sana kusomwa chini ya hadubini, na kipande cha nta kinachobaki kinatunzwa miaka. Ndani ya hiyo nta herufi bado zinasomeka. Kipimo cha BRAF au KIT kinaweza kufanyika baadae kwenye nta hiyo hiyo bila kumkata mgonjwa tena, kwahiyo uliza imetunzwa wapi, chukua na namba yake andika nyuma ya karatasi ya majibu. Nta ya mama mkubwa ipo, ila ni ya mtoki, kilichopimwa kwanza ndo kile. Baka la unyayoni, lile la mwanzo kabisa lililokatwa na wembe lingali dogo, ambalo ndo shina lenyewe, niliuliza liko wapi. Jirani akaniambia alilitupia kwenye jiko la mkaa siku ile ile.